Tumwamini Nani?

Mtu wa Bukavu asitazamie kuiona mianga ya kaskazini akiwa kwake. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na chembe za jua zinazoiwasha mianga hiyo huongozwa na sumaku ya dunia kuelekea kwenye ncha zake. Hata hivyo, dhoruba ya jua ya Februari 1872 iliufikisha wekundu wake hadi anga la Khartoum na Bombay. Na kwa kuwa ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, nasi tuko kusini yake, mianga ikitufikia siku moja itatokea kusini, upande wa Uvira. Wekundu wa kaskazini kwetu ni wa mlima wa volkano wa Nyiragongo, kama usiku wa tarehe 22 Mei 2021, ulipolipukia juu ya Goma. Wakati ule nilisikia wengi wakitangaza mwisho wa dunia. Hakuna aliyeniambia yeye mwenyewe aliona nini.

Basi katika jambo hili, kama katika imani, tunategemea macho ya wengine. Mimi ni katekista wa Kadutu, na swali linaloninyima usingizi ni hili: tumwamini nani?

Dada yangu mkubwa anaishi Louisville, Kentucky, walikohamia Wakongo wengi. Tarehe 10 Mei 2024 dunia ilipigwa na dhoruba ya jua kali kuliko zote tangu 2003. Mianga ikashuka hadi Florida na Mexico, na huko Namibia watu wakaipiga picha mianga ya kusini. Dada alinitumia picha yenye waridi na kijani juu ya mapaa ya majirani, kisha sauti yake: “Mdogo wangu, simu imeona kuliko mimi. Kwa macho yangu ulikuwa weupe hafifu, na wekundu kidogo kama moshi.” Ndivyo ilivyo: gizani jicho halipambanui rangi dhaifu, lakini kamera hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa.

Picha ilinipendeza, sauti ndiyo iliyonifanya nimwamini. Angeweza kuninyamazia, nami nisingejua kamwe. Aliipunguza habari yake mwenyewe ili nisipotoke, na huo, kwangu, ni upendo.

Tangu hapo nawasoma wainjili kwa namna nyingine. Mathayo, akisimulia Yesu mfufuka mlimani Galilaya, anataja kwamba wengine walimwona na bado wakaona shaka. Mtu anayetaka tu kushawishi angeliruka neno hilo. Katika shirika letu wapo wanaoniomba nilipite haraka, wasije vijana wakayumba. Mimi nalisoma polepole, na nawaruhusu waulize.