Daftari la Sadaka

Waswahili wamesema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Vijana wa leo wameanza kulisahau neno hilo "usambe", na nimewahi kumsikia mwanafunzi akilieleza kuwa ni jina la mtu. Maana yake ni "usiseme": usiseme kwamba anayetoa hutoa kwa sababu anacho. Methali hii nimeisoma juu ya kanga, nimeitamka katika hotuba za harusi na za misiba, nisijiulize hata mara moja swali lililofichwa ndani yake. Ikiwa kutoa ni moyo, ni nani awezaye kuuandikia moyo hesabu? Swali hilo lilinijia Mbegani, Desemba ya miaka michache iliyopita, nikiwa nimeketi mkekani, kalamu sikioni na daftari juu ya paja. Mimi ndimi niliyekuwa katibu.

Asiyeijua Mbegani na aitafute kusini ya mji wa Bagamoyo, jirani na magofu ya Kaole, penye msikiti wa mawe wa yapata karne ya 13 na makaburi ya watu walioabudu hapo. Wengi huijua kwa chuo chake cha uvuvi. Wasomaji wa magazeti huijua kwa bandari kubwa ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Oktoba 2015, kisha mazungumzo yake yakakwama mwaka 2019. Tangu hapo watu wa pande zile wamejifunza maana ya orodha: nani kathaminiwa mali yake, nani hakuthaminiwa, jina la nani limo na la nani halimo. Nalitaja hili kwa sababu lina uhusiano na kisa changu, ingawa wakati ule sikuuona.

Wakristo wa Mbegani ni wachache, na aghalabu ni watu waliofuata kazi: walimu wa chuo, walinzi, akina mama wakaanga samaki, vibarua wa mashamba ya chumvi. Majirani zao ni Waislamu, wenyeji wa mwambao tangu na tangu. Kwa msomaji wa visiwani asiyezoea mambo yetu, nieleze kwamba maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, waliazimia Kanisa lisimame juu ya jumuiya ndogo ndogo: nyumba kumi au kumi na tano zinazosali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, zikijuana kwa majina, kwa magonjwa na kwa madeni. Ni jambo jema sana. Tena ni jambo la Kiafrika, kwa kuwa linaanzia ukumbini mwa mtu, juu ya mkeka wake, na chai ya tangawizi haikosekani.

Lakini jumuiya ina daftari. Daftari letu lilikuwa na safu nne nilizozipiga mstari kwa mkono wangu: jina, mahudhurio, zaka, mchango wa ujenzi. Kila Majilio, yaani zile wiki nne kabla ya Noeli, tulikusanya mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na kanga mbili tatu, tukaviweka katika mafungu, tukawapelekea wahitaji. Wahitaji tuliwapata daftarini.

Jioni ile nilifika kwenye jina la mzee mmoja, mvuvi wa zamani aliyekuja Mbegani kutoka bara akiwa kijana na akabaki. Mbele ya jina lake safu zote tatu zilikuwa tupu kwa muda wa miaka miwili. Mwenyekiti akauliza, "Huyu bado ni wetu?" Hakuuliza kwa ubaya. Ni mtu mwadilifu, na hoja yake ilikuwa na uzito ambao sitaki kuupunguza: mama mkaanga samaki anayejinyima na kuleta shilingi zake elfu moja kila mwezi, akipanda daladala kwenda kuwazika wafu wa wenzake, ataonaje fungu likienda kwa mtu asiyekanyaga sala? Je, jumuiya isiyodai kitu kwa mtu yeyote si sawa na mtumbwi ambao wote wamekaa na hakuna apigaye kasia? Watu wakanyamaza. Nami, niliyejua kwamba mzee yule anaumwa miguu, nikanyamaza. Kisha nikaupitisha mstari juu ya jina lake. Mstari wenyewe niliupiga kwa rula.

Usiku ule sikulala vizuri. Kaskazi ilikuwa imeshika, makuti yakilia juu, nami nikawa nalichungua neno "sadaka" kama mtu anayepapasa sarafu gizani. Neno hili na neno "kusadiki" yametoka katika shina moja la Kiarabu, shina la ukweli. Kiswahili kimeyapokea yote mawili, na kimewapa watu wa dini zote. Kila Jumapili, Mkatoliki anapoikiri imani yake kwa Kiswahili huanza kwa kusema "Nasadiki", na dakika chache baadaye kapu la sadaka linapita mbele yake. Yeye hudhani hayo ni mambo mawili. Lugha inamwambia ni moja: sadaka ni kule kusadiki kulikoshuka kutoka mdomoni hadi mkononi. Basi ikiwa ni hivyo, fungu la mchele linalotolewa kwa kufuata mahudhurio ni nini? Ni malipo. Malipo si dhambi. Mfanyakazi anastahili ujira wake. Ila tusiyaite sadaka.

Nilijua pia mafundisho kuhusu siri. Yesu, katika mahubiri yake ya mlimani, alitaka mkono mmoja usipate habari za mwenzake wakati wa kutoa, na katika hadithi za Mtume Muhammad mtu atoaye kwa siri ya namna hiyo hiyo amehesabiwa miongoni mwa watakaopata kivuli siku isiyo na kivuli. Mwambao huu umesikia neno hilo kutoka mimbari mbili kwa zaidi ya karne moja. Na bado tunasoma majina ya watoaji kwa kipaza sauti. Naongeza hapa, ili nisimwonee mtu, kwamba Kurani haikukataza sadaka ya dhahiri. Imeisifu, ikaiweka ile ya siri juu yake. Mwenyekiti wangu angefurahi kulisikia hilo.

Katika mji huu wa Bagamoyo, habari ya sadaka na daftari ni ya zamani kuliko jumuiya yetu. Padre Fava alifika Unguja kutoka Réunion Desemba 1860, siku chache kabla ya Noeli. Mwaka 1863 kazi yake ikapokewa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, nao mwaka 1868, kwa ridhaa ya Sultani Majid, wakavuka na kuanzisha misheni Bagamoyo. Walinunua watumwa ili kuwakomboa, wengi wao wakiwa watoto, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ni senti za watoto wa Ulaya, zilizochangishwa na Shirika la Utoto Mtakatifu. Aliyekombolewa alipewa jina jipya, akaandikwa katika kitabu cha ubatizo, akalelewa, akafundishwa kazi, akalima mashamba ya misheni, akaoa na kukaa katika kijiji cha misheni, akiamka na kulala kwa kengele.

Ilikuwa sadaka kubwa. Nani atakayesema bora mtoto yule angebaki sokoni? Lakini ilikuwa sadaka yenye kamba. Mwanahistoria Paul Kollman, katika kitabu chake cha 2005 juu ya chanzo cha Ukatoliki wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba waliokombolewa hawakuwa watu wa kushukuru tu na kunyamaza: wapo walionung'unika, wapo waliotoroka, na wapo walioifanya imani ile kuwa yao kwelikweli. Mwenye kupokea ana akili zake. Hilo ndilo mtoaji husahau kwanza.

Na zipo sadaka nyingine zilizopita juu ya mipaka bila kuuliza njia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Noeli mwaka huo huo likawekwa pale Mkunazini jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana; sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindu. Mhindu akatoa ardhi ya kanisa katika kisiwa cha Waislamu! Sewa Haji Paroo, Mwismailia aliyezaliwa Unguja na kufanya biashara Bagamoyo, alijenga shule hapa mjini akaitoa kwa sharti ipokee watoto wa rangi zote, na jina lake bado limo katika jengo mojawapo la hospitali ya Muhimbili. Alifariki mwaka 1897. Na wakati wa vita vya Bushiri, 1888 na 1889, maelfu ya watu wa mji na vijiji walikimbilia uwanjani kwa mapadre. Sidhani kama yupo aliyesimama langoni siku ile na safu za mahudhurio.

Basi asubuhi ya mkesha wa Noeli nikachukua mchele kilo tano, sukari na sabuni, kwa fedha zangu, nikaenda kwa mzee. Nilijiona mwema. Niliyakumbuka yote niliyoyawaza usiku, nikakata shauri kwamba daftari ni adui wa sadaka, na kwamba mimi leo ninatoa pasipo daftari.

Nikabisha hodi. Aliyeitikia alikuwa mama wa nyumba ya pili, Mwislamu, aliyekuwa anamchotea maji. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Ndani yumo, pita." Akanitazama mzigo wangu, akatazama pembeni kama mtu mwenye haya kwa niaba ya mwingine. Juu ya mafiga palikuwa na sufuria ndogo ya uji. Nikafahamu, bila kuambiwa, kwamba mafiga yale yalikuwa yanawashwa na mkono wake kila asubuhi, na kwamba muda wote tuliokuwa tukihesabu mahudhurio ya mzee, yeye alikuwa akihudhuria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana katibu. Umeleta daftari?"

Nikamwambia sikulileta, nimekuja mwenyewe tu, kumtakia heri ya sikukuu. Nikausogeza mzigo. Hakuugusa. Akauliza tena habari za daftari, safari hii kwa ukali kidogo, kisha akapapasa chini ya mto na kutoa kitambaa kilichofungwa fundo. Alilifungua polepole, kwa vidole vilivyokakamaa kwa kamba za nyavu. Ndani mlikuwa na sarafu moja ya shilingi 500.

"Zaka yangu," akasema. "Nadaiwa ya miaka miwili, najua. Hii niandikie. Iliyobaki niandikie deni."

Nikajaribu kumtuliza. Nikamwambia mzee, hudaiwi kitu, Mungu hana daftari. Akanijibu neno ambalo sijalipatia jibu hadi leo.

"Mungu hana, mwanangu. Lakini mimi nakaa na ninyi. Mkinifuta, nani atajua kwamba nilikuwapo?"

Nilirudi nyumbani na mchele wangu. Aliupokea sukari na sabuni peke yake, na sukari akamgawia yule mama nusu yake mbele yangu, kwa haki kabisa, kama mtu anayegawa samaki baada ya kuvua. Mchele, alisema, nimpelekee mwenyekiti aupange na mafungu mengine. Likija kwake fungu la jumuiya atalipokea.

Njiani nilipita chini ya miembe ya misheni, nikakumbuka vile vitabu vya ubatizo. Wapo wanaoviona kuwa minyororo ya karatasi, na hawakukosea kabisa. Lakini katika maelfu ya watoto waliopitishwa Bagamoyo kwenda Unguja na kwingineko, wengi hawana hata herufi moja duniani. Na wale walioandikwa, ingawa kwa jina wasilolichagua, angalau mtu anaweza kukifungua kitabu na kusema: huyu alikuwapo. Nilitaka kulichoma moto daftari kwa ajili ya mzee yule, na yeye ndiye aliyekuwa akilidai. Kosa letu halikuwa kuandika. Tuliiweka safu ya alichotoa mtu, tukaisahau safu ya kilichompata. Hapakuwa na mahali pa kuandika "anaumwa miguu".

Nilimweleza mwenyekiti jioni ile, kabla ya misa ya usiku, tukiwa tumesimama nje penye baiskeli. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema sarafu ni sahihi kuipokea, na jina lirudi, na fungu lipelekwe; bali safu mpya hakubali, maana tukianza kuandika magonjwa ya watu tutaandika na siri zao, na daftari hili hulala kila wiki katika nyumba tofauti. Nilikuwa sikulifikiri hilo. Tumebishana tangu hapo, mwaka hata mwaka, na kila Majilio hoja hurudi pamoja na mafungu ya mchele.

Lile daftari la zamani limejaa, ninalo mimi. Mstari wa rula haufutiki. Juu yake, kwa wino wa rangi nyingine, nimeliandika upya jina lile lile, na mbele yake: zaka, shilingi 500.