Chagua Mahali pa Kukatikia

Kisa hiki ni cha kutunga, lakini hakuna kipande chake kisichoweza kutokea kesho kwenye uwanja wowote wenye trekta na mashine ya kuchomelea. Tukiweke Mkumbara, kando ya barabara kuu itokayo Korogwe kwenda Same, ambako malori hayakatiki na vumbi halina likizo.

Alikuwapo kijana aliyeachiwa na marehemu baba yake trekta la nguvu za farasi 50. Wakati wa kulima lilimlisha. Mashamba yakishalimwa lilikaa chini ya mwembe, kuku wakitagia kwenye kiti. Kijana akayatazama malori yanayopita yamejaa tope hadi kwenye vioo, akasema riziki yangu ile pale. Mashine ya kuoshea magari ya dukani bei yake ilimshinda. Trekta lipo, dizeli itanunuliwa kwa kidumu. Kilichobaki ni pampu.

Pampu aliipata Gerezani, Dar es Salaam, imetumika: ya pistoni tatu, ya kuzungushwa mara 1,450 kwa dakika, yenye kutoa lita 15 kwa dakika kwa presha ya bari 200. Muuzaji alimwonyesha tundu ubavuni, akamwambia hapo hukaa vali ya kurudishia maji, nayo inauzwa peke yake.

"Bila hiyo vali inasukuma maji?"

"Inasukuma."

Basi akarudi na pampu tu. Nyumbani akaliziba lile tundu kwa boliti iliyozungushiwa tepu nyeupe ya fundi bomba, akaikaza kwa spana mpaka tepu ikajitokeza pembeni.

Kuunganisha aliweza, tumpe haki yake. Shafti ya nyuma ya trekta, ile mafundi wanayoiita PTO, huzunguka mara 540 kwa dakika. Pampu ilitaka karibu mara tatu ya hapo. Akatafuta puli mbili za mashine ya kusaga, kubwa ya milimita 400 upande wa trekta, ndogo ya milimita 150 upande wa pampu, akafunga mikanda miwili. Ile 540 ikawa 1,440. Siku ya majaribio tope lililokauka kwenye matairi ya Fuso lilibanduka vipande vipande, na watoto waliokuja kushangaa walirudi kwao wamelowa.

Jioni akaja mjomba wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Naona umefungua kiwanda."

Mzee alikuwa amezeekea kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge. Na Mkumbara si mahali pageni kwa mitambo: zama za Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mbao za misitu ya Shume zilishushwa kutoka milima ya Usambara kwa kamba ya chuma iliyopita angani, hadi stesheni hapa chini, zikapakiwa kwenye treni ya Tanga. Mzee alizunguka mtambo wa mpwa wake mikono nyuma. Akasikia mikanda ikilia kila nozo inapoziba kidogo kwa mchanga.

"Hii mikanda inalilia nini?"

"Inateleza tu mjomba. Nitaikaza."

"Usiikaze kabla hujajua inakwambia nini."

Kijana aliikaza. Ikazidi kulia, ikanuka mpira unaoungua. Wa kwanza ukakatika, wa pili ukafuata, na kila ulipokatika mteja aliwasha lori akaondoka. Kijana akaamua kwamba mikanda ndiyo ubovu wa mtambo wake. Akauza mbuzi wawili, akanunua giaboksi ya kuongeza mizunguko iliyofunguliwa kwenye mashine chakavu, akaiunganisha na trekta kwa propela ya gari kuukuu. Chuma kwa chuma, hakuna kuteleza tena. Kelele ikaisha, naye akauchukua ukimya ule kuwa ushindi.

Tusimame hapa kidogo. Pampu ya pistoni husukuma kiasi kilekile cha maji kila inapozunguka, njia iwe wazi au isiwe. Kifyatulio cha bunduki ya kurushia maji kikiachiwa, au nozo ikiziba, pampu haina habari. Inaendelea kusukuma na presha inapanda mpaka kitu kipishe. Kazi ya ile vali ya Gerezani ni hiyo: njia ya mbele ikifungwa, huyarudisha maji kwenye tangi. Mota ndogo ya umeme isiyo na vali huzidiwa ikakata. Injini ndogo ya petroli hukohoa ikazima. Trekta je? Piga hesabu: bari 200 mara lita 15, gawanya kwa 600, ni kilowati 5. Ongeza kinachopotea njiani, ni kama kilowati 6, yaani nguvu za farasi 8. Trekta lina 50. Likikutana na njia iliyoziba, halibadilishi hata sauti, na hizo zaidi ya 40 zilizobaki zinangoja kazi.

Kumbe mikanda iliyokuwa ikilia ndiyo iliyokuwa vali. Ilikuwa vali mbaya, ya gharama na ya harufu, lakini ni hapo tu ambapo mtambo uliweza kushindwa bila kumgusa mtu. Kijana alipoing'oa alidhani anautibu.

Hatari ya bunduki aliijua. Kwa hiyo akafunga kifyatulio chake kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili kibaki wazi muda wote, akamwonya mdogo wake, mtoto wa baba yake mdogo, asithubutu kuufungua. Aliuwazia mkono wa mtu. Mchanga hakuuwazia, na maji ya kwenye simtanki yalitoka mferejini bila chujio.

Siku yenyewe walikuwa wanaosha lori la mahindi. Nozo ikaziba. Trekta likaendelea kuunguruma vilevile. Mpira wa presha ulikuwa umekanyagwa na tairi wiki iliyopita na kuchubuka mahali pamoja. Hapo pakaanza kutoka ukungu mwembamba wa maji. Mdogo mtu akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akapaziba kwa kiganja.

Kilio chake kilimfanya kaka yake akimbilie kuzima trekta. Njia ya mkato ilikuwa kuvuka propela. Ilikuwa tupu, haina kikinga, na kwenye kiungo chake boliti moja ilikuwa ndefu kupita nati kwa unene wa kidole. Mara 540 kwa dakika ni mara 9 kwa sekunde; mtu hajamaliza kusema "aah" na nguo imeshazungushwa. Boliti ilidaka pindo la shati, shati likamvuta chini, likapasuka mgongoni, likamwacha kifua wazi na kuendelea kuzunguka peke yake. Lilikuwa shati la mtumba lililooza kwa jua na jasho. Lingekuwa jinzi jipya, au shuka lililofungwa begani, tungekuwa tunasimulia msiba. Katika mtambo ule mzima, kitu pekee kilichobaki dhaifu kiasi cha kuokoa mtu kilikuwa shati.

Mdogo wake hakuwa na bahati hiyo. Kidonda kiganjani kilikuwa kidogo kama cha mwiba wa mkonge, hata damu haikutoka ya kutisha. Wakakiosha kwa maji ya chumvi, wakafunga kitambaa, wakamwambia apumzike. Usiku mkono ukavimba mpaka kiwiko. Maji yaliyopenya kwa presha hubeba uchafu na kuusambaza ndani, kwenye mishipa na kano, ambako dawa ya kupaka haifiki; dawa yake ni upasuaji, na saa zinahesabiwa. Kufika hospitali ilikuwa kesho yake mchana. Alirudi nyumbani na vidole vitatu.

Sasa funzo, na lisomwe na kila anayetaka kuunda mashine ya aina hii, maana wazo la kijana halikuwa baya. Trekta linaweza kuendesha pampu, na watu wengi duniani wanafanya hivyo. Kosa ni kudhani kwamba kitu kisichosukuma maji si sehemu ya mashine. Kila mtambo utafika siku ya kuzidiwa. Usipochagua mapema pa kukatikia, utachagua wenyewe, na hauchagui chuma.

Basi chagua. Funga vali ya kurudishia maji, na pembeni yake vali ya pili ya dharura inayofunguka presha ikipita kidogo ile ya kazi. Kwenye propela weka boliti ya kukatika, laini kuliko shafti, na ikikatika usiweke ngumu zaidi, tafuta kilichoikata. Weka saa ya presha na chujio la maji. Mpira uwe umeandikwa presha kubwa kuliko ya pampu, ukichubuka, utupwe. Propela ivae kikinga chake cha plastiki, chenye mnyororo wa kukizuia kisizunguke, na boliti zisichomoze. Asivuke mtu, asiguse mtu, mpaka injini izimwe. Uvujaji usitafutwe kwa mkono. Na aliyepenywa na maji ya presha apelekwe hospitali saa ileile, kidonda kiwe kidogo namna gani.

Ukimwajiri hata kijana mmoja wa kushika bunduki, uwanja wako umekuwa mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakuhusu kama inavyokihusu kiwanda cha mkonge.

Ukienda dukani, anza na vali na kikinga, pampu iwe ya mwisho. Mwenye pesa ya pampu tu bado hana pesa ya mashine.