Je, uzima ni mali ya mtu mwenyewe?



Vijana wanatuletea ulizo hili: je, ni dhambi kukimbiza pikipiki ao gari porini, si kwa kazi, bali kwa kufurahi tu? Tusijibu haraka. Furaha si dhambi. Daudi mwenyewe alicheza mbele ya Sanduku la Mungu kwa nguvu zake zote.

Tuangalie kwanza mashindano ya Paris-Dakar. Mfaransa Thierry Sabine aliyaanzisha mwisho wa mwaka wa 1978. Magari, malori na pikipiki zilipita jangwani na katika vijiji vya Waafrika. Sabine alikufa katika Mali tarehe 14 Januari 1986, helikopta ilipoanguka na watu watano. Katika Januari 2006 mwendesha pikipiki wa Australia alikufa huko Mauritania. Siku chache nyuma yake watoto wawili waligongwa wakafa, mmoja katika Guinea, mwingine katika Senegal. Yule mwendeshaji alijichagulia njia. Watoto wale, nani aliwauliza? Na mashindano hayakuondoka Afrika kwa ajili yao. Yalifutwa mwaka wa 2008 kwa kuwa wauaji wa Mauritania waliwatisha waendeshaji wenyewe, kisha yakahamia Amerika ya Kusini, na tangu 2020 yako Saudi Arabia.

Kuna tena pikipiki ya magurudumu manne. Inaonekana imara kama meza, lakini kwenye mteremko inapinduka na kumlalia mwendeshaji. Nyingi zimetengenezwa kwa mtu mmoja. Ukibeba mwenzako nyuma, unaharibu usawa wake. Ile ya magurudumu matatu ilipindua watu wengi hata viwanda vikaacha kuiuza Marekani mwaka wa 1988. Waganga wa watoto kule wanasema aliye chini ya miaka 16 asiiendeshe.

Sasa wengine kati yetu wanasema: mimi nimeombewa, kofia ya kukinga kichwa ni ya wasioamini. Ndugu, Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya hekalu, akamwambia ajitupe, malaika watamshika. Neno la malaika lilikuwa limeandikwa kweli. Bwana akakataa hata hivyo, na nani atasema alikosa imani?

Someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu hakukataza watu kupanda juu ya dari na kupunga upepo. Aliagiza mwenye nyumba ajenge ukuta kando kando, mtu asianguke, damu isiwe juu ya nyumba yake. Ukuta ule haukujengwa kwa ajili ya mwenye nyumba peke yake. Ni kwa ajili ya mgeni na mtoto.

Anayejibu «uzima ni wangu» ajiulize nani atauza mbuzi kwa kulipa hospitali, na nani atalea watoto wake.

Kwa hiyo kijana anayetaka kukimbia avae kofia, asibebe mtu, atafute uwanja usio na watu. Lakini njia ya mashamba, jioni, saa mama wanarudi na mizigo kichwani na watoto mgongoni, hiyo hapana, hata kama yeye ni fundi wa kuendesha.