Kofia ya Buluu na Deni la Ulimi



Katika nchi ya Ireland, huko Ulaya, wako wazee waliopata kuwa askari wa Umoja wa Mataifa. Wanapokutana kuwakumbuka wenzao waliokufa, huvaa kofia laini ya buluu, na nishani kifuani. Baadhi yao walipigana hapa Likasi mwaka 1961, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Jadotville. Lakini kwa miaka mingi wengi wao hawakupenda kulitaja jina hilo mbele ya watu.

Sababu ni hii. Mwezi wa Septemba mwaka ule kikosi cha watu zaidi ya 150 kiliwekwa hapa chini ya Komanda Pat Quinlan. Asubuhi ya tarehe 13, wengi wao walipokuwa katika Misa uwanjani, walishambuliwa na jeshi la Katanga pamoja na askari wa kukodiwa. Siku tano walijitetea katika mahandaki. Wenzao waliokuja kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la Lufira, mto mnaoujua. Helikopta moja ililetea maji, lakini vyombo vilikuwa vya mafuta, na maji hayakunyweka. Risasi zikakaribia kwisha, na tarehe 17 Quinlan akasalimu amri. Hakufa hata mmoja wa watu wake. Upande wa Katanga walikufa wengi, nao pia walizaliwa na mama. Tusiwaache nje ya sala zetu za marehemu.

Waliporudi kwao, wakaitwa waoga.

Je, anayeweka silaha chini ili wenziwe wasife bure ni mwoga? Huenda mmoja wenu akajibu: Mbona wafia dini wa Uganda hawakusalimu amri? Mbona Mwenye Heri Anuarite alikubali kuuawa kule Isiro mwaka 1964? Swali hili ni zuri, wala lisipuuzwe. Anuarite alitakiwa kutenda dhambi, na dhambi haitendwi hata kwa kuokoa roho ya mwili. Quinlan hakutakiwa kumkana Mungu. Alitakiwa kuacha handaki. Handaki si Mungu. Nguvu ya moyo ni fadhila, lakini busara ndiyo iishikayo mkono. Isipoishikwa, huwa ukaidi tu, na gharama yake hulipwa na watoto wa watu wengine.

Basi waliosema neno "mwoga" walitenda nini? Amri ya nane yajulikana kwenu. Mwizi wa mbuzi akitubu, humrudisha mbuzi, au humlipa mwenyewe. Mwizi wa jina jema naye ana deni lile lile, tena zito zaidi, kwa maana mbuzi hukaa zizini, bali neno limekwisha kupita vijiji vitatu kabla mwenye kulisema hajalala. Aliyemsingizia jirani mbele ya watu kumi kwenye pombe hatoshi kunong'ona peke yake kwamba amekosa; yampasa kuwarudia wale kumi, na kusema kweli.

Serikali ya Ireland ilikawia mno kuwarudia wale kumi. Mwaka 2005 jiwe la ukumbusho liliwekwa katika kambi ya askari mjini Athlone. Tarehe 2 Desemba 2017, miaka 56 baada ya vita, wakapewa nishani yenye jina la Jadotville. Quinlan alikuwa amekufa tangu 1997.

Mtu atasema, deni la marehemu limekufa pamoja naye. Sivyo. Marehemu ana mke, ana watoto, na watoto wale walikua wakisikia baba yao akichekwa. Siku ile ya Athlone hawakuitwa wazee walio hai peke yao. Jamaa za wale waliokufa waliitwa pia, wakapokea nishani kwa mikono yao.