Fuvu la Olduvai na Pumzi ya Mungu



Vijana wapendwa, leo tuongee lile swali ambalo kijana Mkatoliki hukutana nalo akiwa kidato cha kwanza, kisha akabaki nalo moyoni mpaka chuo bila kumuuliza mtu. Jumatatu, kwenye kipindi cha Historia, mwalimu anafundisha mabadiliko ya binadamu: Australopithecus, Homo habilis, Homo erectus. Jumapili, kanisani, anasikia kwamba Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi. Sasa ashike lipi?

Wengi hujitafutia njia ya mkato. Kwenye mtihani anajibu ya mwalimu, kwenye katekesi anajibu ya katekista, na yeye mwenyewe hajui anaamini nini. Mwingine anaacha Misa, eti sayansi imeshamaliza kesi. Mwingine naye anaogopa kitabu cha Biolojia kana kwamba ni kitabu cha uganga. Jamani, hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayefuata yale Kanisa linayofundisha.

Na sisi wa Usinge tusidhani jambo hili ni la Arusha na Ngorongoro tu. Panda treni ya Reli ya Kati hapa kwetu uelekee magharibi, utafika Kigoma. Kaskazini ya Kigoma kuna Gombe, alikofika Jane Goodall mwaka 1960 na kumwona sokwe akichomeka unyasi kwenye kichuguu ili avue mchwa. Kabla ya hapo watu wengi walisema ni binadamu peke yake anayetengeneza zana.

Kusini yetu, kwenye miombo ya Ugalla, wako pia sokwe. Hawa hawaishi kwenye msitu mnene. Wanaishi kwenye miombo mikavu kama hii ambamo wazee wetu hutundika mizinga ya nyuki. Mwaka 2007 watafiti waliandika kwamba sokwe wa Ugalla hutumia vijiti kuchimbua mizizi na viazi pori. Mwaka 2022 watafiti wengine, waliowafuatilia sokwe wa Bonde la Issa, waliandika kwamba sokwe hao walisimama kwa miguu miwili zaidi wakiwa juu ya miti kuliko wakiwa chini. Habari ndogo hiyo imezua mjadala mkubwa, maana kwa miaka mingi ilidhaniwa zamadamu alianza kusimama wima baada ya misitu kupungua akalazimika kutembea mbugani. Kumbe huenda alianza kusimama akiwa bado mtini. Unaona? Miombo yetu inatajwa kwenye mjadala wa dunia nzima.

Hebu tusikilize kwanza sayansi inasema nini hasa, maana mara nyingi tunabishana na maneno ambayo haijayasema.

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona fuvu kwenye Bonde la Olduvai. Mume wake, Louis, ambaye alizaliwa Kabete, Kenya, katika familia ya wamisionari wa Kianglikana, aliliita Zinjanthropus, kutokana na jina la kale la pwani yetu ya Afrika Mashariki. Umri wake ni takriban miaka milioni 1.75. Mwaka 1978, huko Laetoli, timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe. Nyayo hizo zina umri wa takriban miaka milioni 3.6, na walioziacha walitembea wima kwa miguu miwili.

Hapa kuna mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyakosea. La kwanza: sayansi haisemi kwamba babu yako alikuwa sokwe wa Gombe. Inasema ukoo wetu na ukoo wa sokwe ulitoka kwenye shina moja, ukaachana mamilioni ya miaka iliyopita. Sokwe wa leo ni kama binamu wa mbali. La pili: Zinj siye babu yetu. Wanasayansi leo wanamweka kwenye tawi la pembeni, tawi lililokauka bila kuacha uzao. Kwa hiyo anayekuambia "wewe umetoka kwa Zinj" hajasoma vizuri, na anayekasirika kwa maneno hayo naye anakasirikia hewa.

Mabishano yapo. Tawi gani lilizaa lipi, nani alitangulia kutengeneza zana, kwa nini ubongo ulikua: kila mfupa mpya unaweza kubadilisha mchoro. Zimewahi kutokea hata hila. Fuvu la Piltdown, lililotangazwa Uingereza mwaka 1912, lilikuja kuumbuliwa mwaka 1953 kuwa ni bandia, na walioliumbua ni wanasayansi wenyewe. Tusichukue mabishano yao tukapiga vigelegele kwamba mageuko ni uongo mtupu. Watu wanaweza kubishana kama msafara ulipita kulia au kushoto kwa mto, wakati wote wanakubali kwamba msafara ulipita.

Sasa Kanisa linasemaje? Kijana, shika haya, utayahitaji.

Mwaka 1950 Papa Pio wa XII, katika waraka Humani Generis, alieleza kwamba wataalamu wanaruhusiwa kuchunguza kama mwili wa mwanadamu ulitokana na viumbe hai vilivyotangulia. Ila kuhusu roho alisisitiza: inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Alionya pia tusikubali kirahisi wazo kwamba wanadamu hawatoki katika shina moja, akilihusisha na mafundisho ya dhambi ya asili. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliwaambia wanasayansi wa Taasisi ya Kipapa kwamba mageuko sasa ni zaidi ya dhana ya kubahatisha. Mwaka 2014 Papa Fransisko aliwaeleza wanataasisi haohao kwamba mageuko hayapingani na uumbaji, kwa sababu lazima kwanza viwepo viumbe vya kugeuka, na aliyevifanya viwepo ni Mungu. Katekisimu namba 283 inatufundisha kuzistaajabia kazi za Mungu kupitia uvumbuzi wa namna hii, na namba 366 inarudia kwamba kila roho inatoka kwa Mungu mwenyewe, haitengenezwi na wazazi.

Hayo si mambo ya kujipendekeza kwa wasomi wa kisasa. Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita Mtakatifu Augustino, Mwafrika kama sisi, aliwaonya Wakristo wasizungumze upuuzi kuhusu nyota na viumbe huku wakidai ni Biblia inayosema hivyo. Aliogopa msomi asiyeamini akisikia upuuzi huo ataudharau hata ufufuko.

Fungua Biblia yako mwenyewe. Katika Mwanzo sura ya 1, mimea inatokea siku ya tatu na jua siku ya nne, na mtu anakuja mwisho. Katika sura ya 2, mtu anafinyangwa kwanza, kisha ndipo bustani inapandwa na wanyama wanaletwa kwake. Unadhani aliyeziweka sura hizo mbili pamoja hakuona? Aliona. Hakuwa anaandika ratiba ya treni, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Alikuwa anatufundisha nani aliyetuumba, sisi ni nani mbele zake, na kwamba mwanzoni kabisa mwanadamu alimkosea Mungu kwa hiari yake. Hilo la mwisho Kanisa linalishika kama tukio la kweli, ingawa linasimuliwa kwa lugha ya picha, kama isemavyo Katekisimu namba 390.

Basi Mwanzo 2:7 inatuonyesha vitu viwili: mavumbi na pumzi. Sayansi inachunguza mavumbi, na inachunguza vizuri. Inapima mifupa, inahesabu miaka, inalinganisha vinasaba. Lakini chukua darubini kali kuliko zote uangalie fuvu la Zinj: hutaona humo kwa nini mtu anasali, kwa nini anasamehe, kwa nini mama anakubali kulala njaa ili mtoto ale. Hayo yanatokana na pumzi, yaani ule mfano wa Mungu uliomo ndani ya kila mtu.

Mtasema, padre na katekista wanatuambia hivyo kila siku, sasa kuna nini kipya? Kipya ni hiki: ukisahau pumzi, mavumbi yanapata bei. Sisi watu wa Tabora tunapaswa kulijua hilo kuliko wengi.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita nchi hii yetu. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 inafuata kwa sehemu kubwa uelekeo uleule. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, na walisifika kwa nguvu na nidhamu. Lakini katika njia hiyohiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, waliohesabiwa pamoja na pembe za ndovu. Aliyewanunua aliangalia meno na misuli. Mavumbi tu.

Na wasomi nao hawakupona. Mwaka 1906 kijana kutoka Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaja kumtazama kama hatua ya kati baina ya nyani na binadamu. Wachungaji weusi wa mji ule walipiga kelele mpaka akatolewa. Alijiua mwaka 1916. Mifupa ya Olduvai haikumpeleka kule. Alipelekwa na watu waliotumia jina la sayansi kuhalalisha dharau waliyokuwa nayo tayari. Leo sayansi yenyewe imewageuka: vinasaba vinaonyesha kwamba watu wote duniani, wa London na wa Kaliua, ni ukoo mmoja wenye asili Afrika. Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba Mungu alitoa mataifa yote kwa mmoja (Mdo 17:26).

Linganisha na Adrian Atiman. Alizaliwa Mali, akatekwa utotoni, akauzwa, kisha akakombolewa na Wamisionari wa Afrika. Alisomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Akatibu na kufundisha dini huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyewahi kuwa na bei sokoni aliishi karibu miaka 67 akigusa miili ya wagonjwa kama hekalu la Mungu. Huyo aliielewa Mwanzo 2:7.

Sasa tugeukie ya leo, maana minyororo tunaisimulia kama mambo ya zamani. Katika mikoa yetu ya magharibi na kanda ya ziwa, watu wenye ualbino wamewindwa, viungo vyao vikauzwa kwa waganga wa uongo. Watu wa karne hii, wenye simu mkononi! Na angalia jinsi imani na sayansi zinavyosimama upande mmoja hapa. Aliyegundua kanuni za urithi alikuwa mtawa Mkatoliki, Gregor Mendel, aliyechapisha kazi yake mwaka 1866 baada ya kupanda njegere kwenye bustani ya monasteri. Kwa kanuni zake tunajua mtoto mwenye ualbino amerithi vinasaba kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili, basi. Hakuna utajiri kwenye mfupa wake, na hakuna laana kwa mama yake. Somo la Biolojia lililoeleweka vizuri kijijini linaweza kuokoa uhai wa mtu. Kijana anayelikimbia kwa jina la dini anamnyima jirani yake ulinzi.

Kuna jambo moja la mwisho, na mimi naliona kubwa kuliko yote. Yohane anatufundisha kwamba Neno wa Mungu alitwaa mwili. Mwili upi? Huu huu wetu, wenye historia ndefu hivi, wenye mifupa na jasho na vinasaba. Kama Mungu hakuuonea haya mwili wetu, sisi tunaona haya ya nini akitokea mtu na kutuambia ulichukua muda mrefu kuandaliwa? Mfinyanzi akikaa na udongo muda mrefu haimaanishi hakuufinyanga.

Kwa hiyo, wiki hii nawaomba matatu. Soma Mwanzo 1 na 2 pamoja na Zaburi ya 8, taratibu, ukiwa peke yako. Usome pia daftari lako la Historia au Biolojia bila woga, na swali likikushinda lipeleke kwa padre au mwalimu, usilizike. Na tatu, acha kabisa kumwita mtu nyani, zeruzeru, au mkimbizi kwa dharau, hata kwa utani wa kwenye kundi la WhatsApp. Mwenzako akiandika hivyo, mwambie kwa upole: kaka, dada, huyo ana pumzi ya Mungu.

Tuombe. Ee Mungu uliyetufinyanga kwa mavumbi na kutupulizia uhai, wape vijana wetu akili isiyoogopa ukweli na moyo usiomdharau mtu. Wasomao wawe wanyenyekevu, waaminio wawe na bidii ya kusoma. Uwalinde wote wanaowindwa na kudharauliwa kwa sababu ya miili yao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, Kikao cha Hekima, utuombee.