Tafakuri ya Siku ya 14: Mbwa mzee aliyechukuliwa na halmashauri



Alhamdulillah, tuko katika kumi la pili, lile tulilozoea kuliita kumi la maghfira. Leo tuna swali ambalo pengine mtu atalicheka, lakini tulitazame vizuri, maana ni zito. Kijana mmoja anauliza hivi:

"Jirani yetu alikuwa na mbwa wa kulinda, umri wake sasa umepita miaka kumi. Jirani kahama, mbwa kamwacha. Akaanza kuzurura na kuchakura majalala, watu wakalalamika, halmashauri wakaja kumkamata. Yuko kwenye banda lao. Afisa mifugo anasema akipatikana wa kumchukua atachanjwa na kutolewa, asipopatikana siku chache hizi atauawa. Mimi nataka kumchukua. Mama anasema mbwa ni najisi, malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na tena nimefunga. Nifanyeje?"

Tuanze na mambo ambayo hayana ubishi.

Kwanza, halmashauri hawajakosea kumtoa barabarani. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na karibu wote wanaoupata wameupata kwa mbwa. Dini yetu inakataza madhara, na kulinda watoto wa mtaa ni wajibu. (Na tukumbushane: mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.)

Pili, mama hajakosea. Katika madhhebu yetu ya Imam Shafi mbwa ni najisi, na palipoguswa na mate yake au unyevu wake panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hadithi ya malaika nayo ni sahihi. Ila funga haiguswi hapo: kumshika mbwa hakufunguzi, na kikavu kikigusa kikavu hakuna cha kuosha.

Tatizo letu linaanza pale tunaporuka kutoka "najisi" mpaka "hana thamani". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Najisi ni hukumu ya mwili wako, nguo yako na mahali pako unaposimama kuswali. Damu nayo ni najisi, na kila mmoja wetu anatembea nayo mwilini. Hukumu ya twahara haijasema lolote kuhusu kama kiumbe kinastahili maji.

Na hebu tuwaulize mafakihi wa madhhebu haya haya yanayoosha mara saba. Una maji kidogo ya kutawadha, na pembeni yako kuna mnyama mwenye heshima ya kisheria ana kiu. Wamesema: mpe maji mnyama, wewe tayammam. Na mbwa wa kulinda au wa kuwinda yumo katika wanyama hao. Yaani udhu wako unapisha kiu ya mbwa. Sasa sisi tuliofunga, ambao saa kumi jioni tunaijua kiu kwa ulimi wetu wenyewe, tunapaswa kuielewa hukumu hii kuliko watu wote.

Hadithi ya mtu wa kisimani tunaijua wote, imo katika Bukhari na Muslim. Alishuka kisimani akanywa, alipotoka akamkuta mbwa anaramba udongo mbichi kwa kiu. Akarudi chini, akajaza maji kiatu chake, akakibana kwa meno akapanda nacho. Mungu akamsamehe. Maswahaba wakashangaa, wakauliza kama kweli kuna ujira kwa wanyama. Mtume (s.a.w.) akawaambia kila chenye uhai kina ujira ndani yake. Tunaomba maghfira kila usiku siku hizi. Huyu aliipata kwa kiatu cha maji.

Tunafika sasa penye ugumu wenyewe, na tusiukwepe. Hadithi sahihi inasema anayefuga mbwa bila haja ya mifugo, uwindaji au shamba, kila siku hupungukiwa na ujira wake kwa kiasi cha qirati. Wanavyuoni, akiwemo Imam Nawawi, wakakubali pia mbwa wa kulinda nyumba, kwa kuwa sababu ni ile ile: haja. Basi mtu atasema: huyu ni mzee, macho hayaoni, kukimbia hawezi. Haja imekwisha, kwa hiyo ruhusa imekwisha. Aachwe.

Hoja hii ina uzito, lakini angalia nani anaitumia na wakati gani. Mwenye mbwa aliitumia ruhusa miaka kumi. Ilipofika zamu ya mbwa kula bila kufanya kazi, ndipo akaikumbuka qirati. Al-Izz bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), ameorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu. Ya mwanzo ni kumlisha na kumhudumia ipasavyo, hata akizeeka au akiugua kiasi kwamba hana faida tena. Hata asipokuwa na faida! Kwa maneno yetu ya mtaani: chakula cha mnyama si mshahara wa mwezi, ukiacha kazi unakatwa. Ni dhima uliyojitwisha siku ile ulipomfunga getini kwako.

Na Abu Daud amepokea habari ya ngamia aliyemlilia Mtume (s.a.w.) katika bustani ya Answari mmoja. Mtume alimpangusa kichwa mpaka akatulia, akamwita mwenyewe na kumuuliza kama hamwogopi Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa, kwani amelalamika kuwa anashindishwa njaa na kuchoshwa. Hakuuliza ngamia ana faida gani.

Jamani, hata sisi majirani tusijitoe. Miaka yote ile mwizi alipopita uchochoroni, mbwa yule alibweka kwa ajili ya nyumba tano, si moja. Tulilala. Alipoanza kuchakura majalala kwa njaa, sisi tuliolala ndio tuliopiga simu.

Basi kwa kijana wetu, jibu ni hili, na la fiqhi zaidi muulize sheikh wako ana kwa ana.

Mama ana haki, mbwa asiingie ndani. Usimbishie, mwelewe, ongea naye kwa upole baada ya futari. Lakini kati ya ndani ya nyumba na kuuawa kuna nafasi kubwa. Tafuta mwenye haja: mwenye banda la kuku, mwenye shamba, jirani ambaye si Mwislamu na anapenda mbwa. Mbwa mzee hakimbizi mwizi, ila sikio na sauti bado anavyo, na ulinzi mwingi ni huko kubweka tu. Mtafute pia yule jirani aliyehama, umkumbushe dhima yake bila kumfedhehesha. Wewe changia chanjo, ugali na dagaa, na wenzako wa barazani wachangie. Hiyo ni sadaka. Ikishindikana kabisa na halmashauri wakaamua, basi muombe afisa mifugo ifanyike kwa njia isiyomtesa, si kwa sumu ya kumgaragaza saa nzima. Mtume ameamrisha ihsani hata katika kuua.

Mkisoma Suratul Kahf Ijumaa hii, simameni kidogo kwenye aya ya 18 na ya 22. Mbwa wa wale vijana amenyoosha miguu yake kizingitini. Hayumo ndani pamoja nao, yupo mlangoni, mahali pake. Lakini watu wanapobishana kuhusu idadi ya vijana, kila hesabu inamtaja na yeye. Nadhani adabu yote ya leo imo humo: mlangoni, lakini ndani ya hesabu.

Na anayezoea kumtupa mbwa aliyemlinda, kesho atamwona mlinzi wake mzee, au dada wa kazi aliyelea watoto wake na sasa mgongo unauma, kwa jicho lile lile.

*Jambo la leo:* kabla ya futari, weka chombo cha maji nje ya geti, pale anapoweza kunywa paka, ndege au mbwa koko. Chombo hicho kiwe chake, usikirudishe jikoni.

Ewe Mola, turehemu tutakapozeeka na kukosa faida mbele za watu, na utujaalie tuwarehemu waliozeeka mikononi mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako.