Kosa Lisilokusudiwa na Deni Lake

Mtu akiharibu mali ya mwenziwe kwa kukusudia, hukumu yake ni rahisi kutamka: amedhulumu, na dhuluma hulipwa. Uzito wa swali huja pale mharibifu alipokuwa akitenda wema. Huyo anadaiwa nini? Swali hili ni la kale kama amana yenyewe, lakini vyombo vya zama zetu vimelipa sura mpya inayostahili kutazamwa.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa Kiswahili amezunguka Pemba, toka Mkoani mpaka Konde, akirekodi masimulizi ya wazee, majina ya miti na mitego ya samaki, na nyimbo za kazi. Yote ameyaweka katika diski moja ya nje, ile kubwa ya mezani inayotaka umeme wake wenyewe. Siku moja adapta yake haionekani. Mwenziwe, kwa moyo mweupe, anampa ya kompyuta ya mkononi. Ncha inaingia barabara tunduni. Umeme unawashwa, na diski inanyamaza. Katika wazee waliorekodiwa, baadhi wamekwisha kufariki.

Wa kwanza kulaumiwa huwa ni umeme wa kisiwani. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na kila kikatikapo kitu husemwa kuwa umeme ndio ulioua. Safari hii hauna hatia. Kosa limo katika kijisanduku kilichoko baina ya ukuta na chombo. Diski za namna hiyo aghalabu hutaka volti 12. Adapta za kompyuta za mkononi aghalabu hutoa 19. Ncha zaweza kulingana kwa umbo zikahitilafiana kwa nguvu. Kuingia si kufaa. Chaja za siku hizi za USB-C zimefunzwa adabu: huanza kwa volti 5, wala haziongezi mpaka chombo kiombe. Adapta ya kale haiulizi. Kwa hiyo kuuliza ni wajibu wa mkono unaoichomeka.

Sasa tutazame ndani. Katika bodi ya diski nyingi mna kipande kidogo kiitwacho diodi ya kinga, kilichowekwa kama bawabu mlangoni pa umeme. Volti zikipita mpaka, bawabu huyu huugeuza mkondo usiende mbele, na mara nyingi yeye mwenyewe huungua. Diski huonekana maiti, kumbe sahani zake, ambazo ndizo zilizohifadhi sauti kwa alama za sumaku, zi salama. Fundi mjuzi aweza kukiondoa kipande kilichoungua, diski ikazunguka muda wa kutosha kunakili yaliyomo. Bodi nzima ikiwa imeungua, huitia nyingine, lakini kwa kawaida sharti ahamishe na chipu ibebayo vipimo vya diski ile, kwani hata diski mbili za kiwanda kimoja hazilingani. Madhara yakifika kwenye vichwa vya kusomea, kazi huwa ngumu na ghali, nayo hutaka chumba kisicho na vumbi.

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini si kila kilichonyamaza kimemwagika. Baina ya kupotea na kutofikika pana nafasi, na katika nafasi hiyo ndimo wajibu wa aliyekosea unamokaa.

Sheria ya Kiislamu, ambayo watu wengi wa Pemba huiweka mbele, hutenga dhambi na dhamana. Aliyekosea pasipo kusudi hana dhambi, lakini mali ya mwenziwe aliyoiharibu iko juu yake. Karafuu iliyonyeshewa juu ya jamvi kwa uzembe wa mlinzi hulipwa kwa karafuu au kwa thamani yake. Diski nayo hulipwa kwa diski. Sauti ya marehemu hulipwa kwa nini? Haina mfano sokoni wala bei mizanini.

Naona kwamba deni lisilolipika kwa mali hugeuka kuwa deni la mwenendo. Aliyekosea anadaiwa ukweli, mara moja na bila pambo: adapta ipi, volti ngapi, ilikaa muda gani, maana fundi asiyeelezwa hutibu kwa kubahatisha. Anadaiwa pia kuuzuia mkono wake, kwani kila jaribio la pupa laweza kuua kilichosalimika. Mwisho anadaiwa kushiriki gharama kwa kadiri ya uwezo wake. Haya ndiyo adui wa yote matatu. Aonaye haya huficha adapta, akasema diski ilikuwa mbovu zamani. Kosa lake la kwanza halikuwa na dhambi; hili la pili linayo.

Hata hivyo mizani ina upande mwingine. Mwanafunzi yule alikuwa mdai kwa mwenziwe, lakini kwa wazee alikuwa mdaiwa. Wao walimpa maneno ayatunze, naye akayatia yote katika chombo kimoja. Tungo za Kamange na Sarahani, washairi wakuu wa Pemba, hazikutegemea sanduku la mtu mmoja hata zikafika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2011. Zilipita katika vifua na karatasi za watu mbalimbali. Akiba haiozi, na akiba ya neno ni nakala yake.

Atasema mtu kuwa mwanafunzi ni maskini, na diski ya pili ni ghali. Nakubali. Lakini saa nzima ya maongezi huenea katika kadi ndogo ya simu na nafasi ikabaki. Nakala angeliwaachia watoto wa mzee aliyesimulia. Kwa tendo hilo moja angelirudisha neno kwa wenyewe na kulikinga na ajali.

Basi aliyechomeka adapta anadaiwa ukweli na subira, na aliyeweka sauti za watu mahali pamoja anadaiwa zaidi. Wa kwanza alikosea kwa dakika moja. Wa pili alikuwa na miaka ya kutengeneza nakala. Fundi akifaulu, deni la wa kwanza huisha. Deni la wa pili halitaisha mpaka nakala ziwafikie wenyewe.